Tenori aliyekuwa akilia Kisian

Najua niliahidi sehemu ya tatu ya makala za hifadhidata. Samahani, itabidi isubiri. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Kisian kwa wiki moja, nikafanya kosa la kijinga na faili moja ya sauti, na tangu hapo kichwa changu hakikubali kuandika kuhusu majedwali. Kwa hiyo leo tunasoma historia. Usikimbie, kompyuta zimo.

Kwa wasioijua Kisian: ukitoka Kisumu mjini kuelekea Busia, kilomita kumi na kitu tu, barabara inagawanyika. Moja inapanda kwenda Maseno, nyingine inafuata upande wa ziwa kwenda Bondo. Penye njia panda hiyo ndipo kwetu. Upande mmoja kuna vilima vya mawe, upande mwingine ziwa, na katikati inapita reli ya Kisumu kwenda Butere. Watu wengi wanapajua kwa sababu ya watafiti wa KEMRI. Mimi napajua kwa sababu ya gramafoni ya babu.

MZEE NA SAHANI MOJA

Babu yangu alikuwa fundi cherehani siku za kazi na mwalimu wa kwaya siku ya ibada. Mwenyewe aliimba sauti ya tatu, yaani tenori. Mwishoni mwa miaka ya 1960 familia moja ya wafanyabiashara wa Kihindi ilikuwa ikihama Kisumu na kuuza vyombo vyake. Babu alikwenda kununua cherehani. Akarudi na cherehani, na juu yake gramafoni ya kuzungusha kwa mkono pamoja na sahani chache za santuri. Karibu zote zilikuwa nyimbo za filamu za Kihindi. Moja tu ilikuwa tofauti. Katikati yake palichorwa yule mbwa anayesikiliza pembe, na jina la mwimbaji lilikuwa Caruso.

Hakuna mtu pale nyumbani aliyejua Kiitaliano. Lakini sahani ile ndiyo iliyochezwa kuliko zote, na wageni waliokuja jioni waliiomba kwa jina walilompa mwimbaji wenyewe: Jaywak. Kwa Dholuo maana yake ni mlizaji, mtu wa kuomboleza. Ukiisikiliza utaelewa. Karibu na mwanzo mwimbaji anacheka kicheko kifupi kikavu, halafu wimbo wenyewe unaanza taratibu, unapanda, sauti inapasuka pale juu, na mwisho anabaki na kwikwi kama mtu aliyeshindwa kumaliza maneno.

Wazee walibishana kwa miaka mingi analilia nini. Mmoja alisema amefiwa na mama. Mwingine alisema ni deni, kwa sababu mtu wa deni ndiye hucheka kwanza. Nyanya ndiye aliyekuwa na maelezo ambayo sijayasahau. Nilimsikia akiyasema nikiwa mtoto, na mwezi uliopita akayarudia neno kwa neno:

"Nyakwara, aliyefiwa anaruhusiwa kulia. Huyu amekatazwa."

Sasa subiri nikwambie wimbo ule ni wa nini. Unaitwa "Vesti la giubba", na ni aria, yaani wimbo wa mwimbaji mmoja ndani ya opera. Opera yenyewe ni Pagliacci ya Ruggero Leoncavallo, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Milan mwezi Mei 1892. Anayeimba ni Canio, kiongozi wa kikundi cha wachekeshaji wanaozunguka vijijini. Ametoka kugundua kwamba mkewe ana mwanamume mwingine. Lakini watu wamekwisha kualikwa, na onyesho lazima lianze. Kwa hiyo anajiambia avae vazi lake, ajipake unga usoni, akawachekeshe watu.

Yaani amekatazwa kulia. Mwanamke wa Kisian aliyeishia darasa la nne aliipata opera nzima kutoka kwenye sahani yenye mikwaruzo, bila neno hata moja la Kiitaliano. Swali langu la leo ni hili: aliipataje? Nini hasa kilichosafiri ndani ya sahani ile mpaka kikamfikia?

CHUMBA CHA HOTELI, 1902

Turudi nyuma. Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Hata miezi minne haikupita, tarehe 11 Aprili 1902, katika hoteli moja kule Milan, kijana wa Napoli mwenye umri wa miaka 29 aliimba nyimbo kumi mbele ya pembe. Jina lake Enrico Caruso. Aliyesimamia kazi alikuwa Fred Gaisberg, Mmarekani aliyefanya kazi na kampuni ya Gramophone ya London. Malipo yalikuwa pauni 100 kwa nyimbo zote kumi, fedha nyingi sana kwa wakati ule, na baadaye zikaonekana kuwa bei ya kutupa.

Kwetu sisi tuliozaliwa na simu mkononi ni vigumu kupata picha ya kazi ile. Hakukuwa na maikrofoni. Hakukuwa na umeme wowote kwenye njia ya sauti. Mwimbaji aliimba ndani ya pembe, nguvu ya pumzi yake ikatikisa kiwambo chembamba mwishoni mwa pembe, kiwambo kikatikisa sindano, sindano ikachora mfereji kwenye nta laini. Ndiyo hiyo tu. Kila kilichoandikwa pale kiliandikwa kwa nguvu ya mapafu ya mtu. Kutoka kwenye nta walitengeneza kalibu ya chuma, na kutoka kwenye kalibu wakapiga zile sahani nyeusi zinazovunjika kama vigae.

Kwa hiyo kurekodi kulikuwa na sarakasi zake. Kwenye noti ya chini mwimbaji alisogea karibu na pembe. Kwenye noti kubwa alirudi nyuma, la sivyo sindano ingeruka na nta ikaharibika. Hakukuwa na kufuta wala kurudia kipande. Ukikosea neno la mwisho, nta nzima imekwenda. Wenzangu mnaolalamika kuhusu mfumo usio na kitufe cha kurudi nyuma, mnaona?

"Vesti la giubba" Caruso aliirekodi mara tatu. Ya kwanza ni baadaye mwaka huohuo wa 1902, kwa piano. Ya pili ni Februari 1904 kule New York, kwa kampuni ya Victor, tena kwa piano. Ya tatu ni Machi 1907, pia kwa Victor, safari hii na okestra iliyobanana kuizunguka pembe. Hii ya 1907 ndiyo iliyozunguka dunia. Iliuzwa kwa dola 3 za Marekani ikiwa na wimbo upande mmoja tu, na watu waliinunua. Mwaka 1975 iliingizwa kwenye orodha ya heshima ya tuzo za Grammy, na mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka katika kundi la kwanza kabisa la rekodi za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa. Tenori wengi waliomfuata waliiga kile kilio chake, wengine mpaka kikachosha.

KWA NINI TENORI?

Hapa ndipo mwanasayansi wa kompyuta ndani yangu anapoamka.

Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia kama hezi 20 mpaka 20,000 (hezi moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde). Pembe ya kurekodia ya mwaka 1907 ilikamata kipande kidogo tu, kwa makadirio ya kawaida kati ya hezi 200 na 2,500 hivi. Ni kama kutuma picha ya harusi kwa simu ya mulika mwizi. Kitu kitafika, lakini ni kipi?

Angalia hesabu. Noti ya juu kabisa ya aria ile ni ile ambayo okestra hutumia kupatanisha ala, karibu hezi 440. Lakini sauti ya mtu haiwi mtetemo mmoja peke yake. Juu ya 440 kuna vizidishi vyake: 880, 1,320, 1,760 na 2,200. Vyote hivyo vinaingia ndani ya dirisha la pembe. Vipande vitano vya sauti ya Caruso, tena vile vyenye nguvu, vinapita salama.

Sasa mchukue mwimbaji wa sauti ya kwanza, mwanamke, akiwa kwenye noti yake kubwa ya hezi 1,046 hivi. Kizidishi cha pili kiko karibu 2,093, bado kimo. Cha tatu kimeshavuka 3,100, kimekwisha kutupwa. Anabaki na vipande viwili, ndiyo maana waimbaji wengi wakubwa wa kike wa enzi ile wanasikika kwenye sahani kama filimbi. Na besi je? Noti zake za chini, hezi 80 au 100, ziko nje kabisa upande wa chini. Sikio lina ujanja wake wa kukisia noti ya msingi kutokana na vizidishi vyake, kwa hiyo besi anasikika, lakini kama mtu anayeongea nyuma ya mlango.

Sauti ya tatu ndiyo iliyokaa katikati ya dirisha. Katika kwaya zetu tenori ndio hulalamika kwamba hakuna anayewasikia, kwamba wimbo ni wa sauti ya kwanza na sifa ni za besi. Mashine ya kwanza ya kuhifadhi sauti iliwapendelea wao.

Je, hiyo inatosha kumweleza Caruso? Hapana. Tenori wengine wengi walisimama mbele ya pembe hiyohiyo, wakiwa na dirisha lilelile, na leo majina yao yanajulikana na wakusanyaji tu. Mashine ilifungua mlango, ila haikumwambia mtu aingie na nini. Caruso aliingia na kicheko, pumzi, na kwikwi. Na vitu hivyo, ukiviangalia kwa jicho la mhandisi, havitegemei masafa ya juu wala ya chini. Vinategemea wakati: sauti inaanza lini, inakatika wapi, inachelewa kiasi gani kabla ya kurudi. Pembe iliharibu rangi ya sauti, lakini wakati haikuuharibu hata kidogo. Mapigo yote ya kile kilio yalifika Kisian yakiwa kamili.

Na nyanya yangu ni mtu aliyekaa kwenye matanga mengi. Kwetu kilio kina mpangilio wake, na wanawake wa umri wake wanajua kukisoma. Anajua mjane anapumuaje, anajua mgeni aliyekuja kujionyesha analiaje, na anajua sauti ya mtu aliyebanwa asilie. Waliokuwa ndani ya jumba la opera kule New York walikuwa na kitabu cha maneno mkononi. Yeye alikuwa na hiyo elimu. Nadhani yake ilikuwa bora.

MBWA YULEYULE, MLIMA WA PILI

Kama unafikiri nyanya ni mtu wa pekee, kuna kisa kingine cha huku kwetu ambacho kimeandikwa na kuhifadhiwa.

Kwanza ukumbuke kwamba santuri zilikuwa zimekwisha kuenea Afrika Mashariki. Mwaka 1928 kampuni ya HMV, yenye yule mbwa, ilimpeleka Siti binti Saad wa Zanzibar na wenzake mpaka Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili, na sahani zao zikauzwa kwa maelfu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia askari wa KAR walirudi Nyanza na magitaa na gramafoni. Sahani zilipita mikononi mwa wafanyabiashara, walimu na wamisionari.

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey, aliyeanzisha baadaye maktaba ya muziki wa Afrika ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Kutoka Kisian ni saa chache tu kwa matatu, kupitia Kisumu na Ahero. Alirekodi nyimbo tatu zenye jina moja: Chemirocha. Alipouliza Chemirocha ni nani, ikabainika ni Jimmie Rodgers, mwimbaji mzungu wa Mississippi, aliyefariki kwa kifua kikuu tangu mwaka 1933. Sahani zake zilifika huko kupitia wamisionari. Vijana waliisikia sauti yake ikipanda na kuvunjika kwa ule mtindo wake wa kuruka kutoka sauti ya kifua kwenda sauti nyembamba, wakalichukua jina lake wakalizungusha katika lugha yao mpaka likawa lao. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, wasichana walimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu paa, wakimwalika aje kucheza nao kwa bidii mpaka nguo zimvuke.

Watu huku nje husimulia kisa hiki kama kichekesho, eti watu wa kijijini walimdhania mwimbaji ni mnyama. Mimi sikioni hivyo. Rodgers alirekodi kwa Victor, kampuni ileile ya Caruso. Mashine ilileta sauti bila uso, bila lugha inayoeleweka, bila maelezo. Wazee wa Kisian walipopewa sauti ya namna hiyo walifanya upelelezi: analilia nini? Wasichana wa Kapkatet walitunga wimbo: je, atakuja kucheza? Pande zote mbili walimchukulia kama mtu mwenye haja zake, akakaribishwa. Katikati ya miaka ya 2010 rekodi zile za Tracey zilirudishwa kwa jamii ya Wakipsigis, na watu wakakaa tena kusikiliza sauti zilizorekodiwa kwao miaka zaidi ya sitini nyuma.

PROFESA WA UTAH NA NAMBA 24

Sasa tuingie kwenye kompyuta, kama nilivyoahidi.

Caruso alifariki Agosti 1921. Kurekodi kwa umeme na maikrofoni kulianza kutumika kibiashara mwaka 1925. Kwa hiyo kila alichorekodi, nyimbo zaidi ya mia mbili, kilipita kwenye pembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni zilijaribu kumsaidia kwa kuweka okestra mpya juu ya sahani zake za zamani. Lakini sauti yenyewe ilibaki ileile, ya mtu ndani ya mtungi.

Ndipo akaja Thomas Stockham wa Chuo Kikuu cha Utah. Huyu ni mmoja wa mababu wa sauti ya kidijitali, na alikuwa pia kwenye jopo lililochunguza ule utepe maarufu wa Rais Nixon uliofutwa dakika 18 na nusu. Mwaka 1975 yeye na wenzake walichapisha makala ya kihandisi kuhusu namna ya kumtoa Caruso kwenye pembe, na mwaka 1976 kampuni ya RCA ikatoa sahani ya nyimbo zilizosafishwa kwa njia hiyo.

Tatizo lenyewe ni tamu. Unachosikia kwenye sahani ni sauti ya Caruso ikiwa imezidishwa na tabia ya pembe, kwa sababu pembe hupaza masafa fulani na kumeza mengine. Una jibu, ila huna namba hata moja kati ya zile mbili zilizozaa jibu hilo. Ni sawa na kuambiwa, "Nimezidisha namba mbili nikapata 24, nitajie namba zenyewe." Inaweza kuwa 6 na 4, inaweza kuwa 8 na 3.

Ujanja wa Stockham ulikuwa huu. Caruso anabadilika kila nukta, lakini pembe haibadiliki wimbo mzima. Ukichukua wastani wa wimbo wote, mabadiliko ya mwimbaji yanalainika na tabia ya pembe inabaki imejitokeza. Kisha unahitaji kujua wastani wa tenori ungekuwaje bila pembe. Akauchukua kwenye rekodi ya miaka ya baadaye, ya tenori wa Uswidi Jussi Björling. Gawanya wastani mmoja kwa mwingine, umepata pembe. Igawanye pembe kutoka kwenye wimbo, umepata Caruso, au angalau mtu anayemkaribia.

Mara ya kwanza niliposoma hili, mwaka wa tatu chuoni, nilifurahi nusura nipige kelele maktabani. Ila angalia kwa makini kilichofanyika. Ili kompyuta imjue Caruso, ilibidi mtu aiambie kwanza tenori anapaswa kusikika vipi. Kompyuta peke yake haikujua ipi ni sauti na ipi ni pembe. Mtu ndiye aliyeamua.

Hapo ndipo linapoingia kosa langu.

KOSA LANGU

Sahani ya babu ilivunjika kabla sijazaliwa. Mjomba mmoja aliikalia. Lakini babu alikuwa mtu wa tahadhari. Miaka ya 1980 aliweka redio-kaseti mbele ya gramafoni, akairekodi Jaywak kwenye kaseti ili asiendelee kuichosha sahani. Babu alifariki mwaka 2012. Kaseti ilibaki kwenye bati la biskuti, pamoja na vifungo na nyuzi.

Mwezi uliopita nyanya aliniomba nimuwekee kwenye simu. Nikaunganisha redio-kaseti na kompyuta yangu, nikarekodi haraka haraka kwa sababu umeme ulikuwa ukicheza. Faili ikawa na mvumo wa umeme wa hezi 50, mvua juu ya mabati, mikwaruzo ya sahani, na kuku. Nikaona aibu kumpa nyanya kitu kama hicho. Nikafungua programu ya kusafisha sauti.

Programu hizi hufanya kazi kwa kufundishwa. Unaichagulia kipande ambacho hakina muziki, unaiambia "hii ndiyo kelele", inaisoma, kisha inaitafuta wimbo mzima na kuipunguza. Mwanzo wa kaseti kulikuwa na sekunde kama nane kabla sindano haijagusa sahani. Hakuna muziki hapo. Nikazichagua. Nikabofya. Nikaisikiliza: safi, imetulia, Caruso peke yake. Ile faili ya kwanza nikaitupa kwenye kapu la taka, nikampelekea nyanya simu nikiwa najisikia Stockham wa Kisian.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Babu yako umemweka wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Katika kaseti babu alikuwa amekaa karibu na redio. Alikuwa na pumu, pumzi yake ilikuwa na mluzi mdogo, na nyanya aliisikia pumzi ile chini ya wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Zaidi ya hapo, kwenye ile noti ya juu, babu hakuweza kujizuia. Alikuwa akiipanda noti pamoja na Caruso, mdomo umefungwa, kwa sauti ya chini sana. Sauti ya tatu mbili, mmoja wa Napoli na mmoja wa Kisian.

Sekunde nane nilizoifundisha programu kuwa ni kelele zilikuwa mvua na pumzi ya babu yangu. Programu ilitii. Ilimtafuta wimbo mzima ikamwondoa, na ule mnong'ono wake wa kwenye noti ya juu, uliokuwa hafifu kama mvua, ukaenda naye.

Nikarudisha kaseti kwenye mashine ili nirekodi upya kwa utulivu. Utepe ukakatika. Nimejaribu kuuunga kwa gundi, na kipande cha mwisho chenye kwikwi kimekunjamana kabisa. Kilichobaki duniani cha babu akiimba ni ile faili ya haraka haraka, niliyoikuta bado imo kwenye kapu la taka kwa sababu huwa nasahau kulimwaga. Uvivu umeniokoa mwaka huu kuliko bidii.

NINACHOWAZA

Miaka mingi nilidhani historia ya kurekodi ni historia ya kuondoa vizuizi: kwanza pembe, kisha mikwaruzo, kisha mvumo, mpaka msikilizaji abaki na mwimbaji peke yake. Sasa nadhani nilisahau nusu ya hesabu. Kila rekodi iliyopendwa ina watu wawili ndani yake, anayeimba na anayesikiliza, na mara nyingi huyu wa pili haachi alama. Waliolipa dola 3 mwaka 1907 hatusikii pumzi zao. Wasichana wa Kapkatet waliacha alama kwa sababu walijibu kwa wimbo, na Tracey akawa na mashine pale pale. Babu aliacha kwa bahati, na mimi nikakaribia kumfuta kwa nia njema.

Kwa hiyo wenzangu, kama nyumbani kuna kaseti ya zamani, fanya hivi. Safisha kichwa cha redio kabla ya kuiweka. Zungusha utepe wote mbele na nyuma mara moja, taratibu, usianze kucheza moja kwa moja. Rekodi kwa ubora wa juu bila kubana faili. Nakili faili ghafi sehemu mbili kabla ya kugusa chochote. Na kabla ya kuiambia kompyuta ipi ni kelele, mkalishe mtu mzima wa nyumbani akusikilizie kwanza.

Mvumo wa hezi 50 nimeuondoa, huo ulikuwa wa nyaya za umeme tu, na nyanya ameukagua. Mvua, kuku na mikwaruzo vimebaki. Jumapili jioni alinipigia simu kuniambia kwamba jirani alikuja, akamwekea Jaywak, na jirani akauliza ni nani huyo mwingine anayeimba nyuma.

Haya, tukutane wiki ijayo. Hifadhidata, sehemu ya tatu, naahidi.